Msumari wa Nane

Jumapili, 2 Oktoba 1994

Bado nausikia mlio wa msumari mrefu ukivutwa kutoka kwenye ubao wenye unyevu. Si mlio wa chuma. Ni kama kitu kinachokataa, kinakataa, kisha kinaachia mara moja. Jumatatu asubuhi Baba aliazima mtaimbo kwenye gereji ya jirani, hapa Gikondo, akang'oa mbao mbili zilizopigiliwa juu ya mlango wa nyumba tuliyoichagua. Mimi nilisimama na godoro kichwani, nikihesabu. Ilitoka misumari saba.

"Mtu akipigilia mlango wake hivi," Baba alisema huku akihema, "amekwenda Zaire moja kwa moja. Anayetaka kurudi hufunga kufuli."

Sikuona kosa katika hoja hiyo. Tulikuwa tumelala siku kumi kwenye veranda ya shule tangu lori litushushe kutoka ukimbizini Karagwe, na godoro lilikuwa zito.

Kisha akaokota kipande cha mkaa, akaandika mlangoni kwa herufi kubwa: NTAKIRUTIMANA. Chini yake, kwa Kinyarwanda: pana watu. Ndivyo kila mtu anavyofanya. Mtaa mzima umeandikwa majina kwa mkaa, kama madaftari ya darasa langu.

Misumari aliinyoosha moja moja juu ya jiwe, akaitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Baba hatupi msumari.

Jumatano, 5 Oktoba

Mvua ya kwanza ya vuli. Jina limechuruzika mpaka kizingitini. Baba ameliandika upya.

Jumamosi, 8 Oktoba

Leo hakuna shule. Nimeisoma nyumba.

Wezi walitangulia kufika. Wamechukua vitanda, sufuria, hata swichi za ukutani. Lakini kuta zinasema. Katika chumba nilichopewa kuna alama ya msalaba: umbo jeupe, safi, urefu wa mkono wangu, na pembeni yake ukuta wote umekuwa wa kahawia kwa moshi wa kibatari. Kwa hiyo msalaba ulikaa hapo miaka mingi, na uliondolewa juzijuzi tu. Msumari wake mdogo umebaki.

Nani aliuchukua? Mwizi anayebeba swichi hawezi kubeba msalaba wa mbao, hauuziki. Ni mwenye nyumba basi. Lakini mtu anayekimbia na kuwa na nafasi ya kubeba kitu kimoja, kwa nini abebe huo, asibebe sufuria?

Kwenye fremu ya mlango wa nyuma kuna mistari mitatu ya penseli, mmoja juu ya mwingine. Walikuwa wakimpima mtoto. Wa juu unanifikia gotini na shibiri mbili.

Connie, mwalimu mwenzangu aliyekulia Mbarara, alipita kuazima chaki, akanikuta nimepiga magoti mbele ya fremu.

"Kaliza, unasali au unapeleleza?"

"Sijui."

"Ukijua utapata taabu. Mimi kwangu Kicukiro nimepaka rangi siku ya kwanza. Ukuta mzima. Silali na mistari ya watu."

Jumapili, 16 Oktoba

Ndugu wa ushirika wamekusanyika sebuleni kwetu, kwa kuwa ndiyo kubwa kuliko za wengine. Walikuwa kumi na wanne, wote watu wa uamsho kutoka Karagwe na Ngara. Mzee Évode aliongoza. Nampenda tangu utotoni; ndiye aliyemfundisha marehemu Mama kusoma. Alihubiri juu ya watu waliopewa nyumba wasizojenga na visima wasivyochimba, na kila mmoja akashuhudia jinsi Mungu alivyompa paa. Baba alilia. Tuliimba habari za damu na msalaba mpaka watu wakasimama njiani kusikiliza.

Nami nilikuwa natazama mlango wa chumba changu, uliokuwa wazi, na ile alama nyeupe nyuma yake. Nilijiuliza swali la kitoto: alama ya msalaba ni msalaba?

Shuleni nilifundishwa msalaba kama hesabu. Deni lilikuwepo, likalipwa, tukawa huru. Nilipata alama za juu. Lakini Mama hakuwahi kusoma hayo. Alipookoka, nikiwa na miaka saba, alitembea siku mbili kurudisha jembe aliloliiba kwa mwanamke mmoja wa Murongo, jembe ambalo mwenyewe alikuwa ameshalisahau. Ndiyo desturi ya watu wa uamsho: ukiokoka, unarudisha. Nilimuuliza kwa nini asiombe tu msamaha kwa Mungu akiwa nyumbani. Akanionyesha viganja vyake. Akasema Yesu alikufa mikono ikiwa wazi, hakushika kitu, na yeye hawezi kumfuata na jembe la mtu mkononi.

Nimefikiri usiku huu kwamba hakuna aliyesema neno "kurudisha" leo. Labda kwa sababu hapakuwa na wa kurudishiwa.

Jumatano, 19 Oktoba

Mvua. Jina limefutika. Baba ameandika.

Jumamosi, 22 Oktoba

Mwanamke amekuja na mtoto wa kike mgongoni. Alisimama nje ya ua hadi Baba alipomwita.

"Mzee, iko isombe huku nyuma," alisema kwa Kiswahili cha hapa mjini. "Naomba kukata kidogo tu."

"Kata, mama, kata. Sisi hatuwezi kuimaliza."

Muhogo wetu umestawi, majani yake yamefika dirishani. Alikata kwa ustadi, akichagua machanga. Nilimsaidia. Nilimsalimu kwa Kinyarwanda, naye akazuia kicheko kwa kiganja.

"Unasema kama padri Mzungu, mwana wanje, mtoto yangu. Tuseme Kiswahili. Ila yangu ni ya gereji. Bwana yangu alikuwa fundi. Matusi yote ninajua, sala ndio sijui."

Anaitwa Nyiransabimana. Anakaa Gatsata, mwendo wa saa nzima na zaidi kwa miguu. Nilitaka kumuuliza kwa nini aje mbali hivyo kwa majani ya muhogo, lakini mtoto, Mahoro, alikuwa ameshuka mgongoni na kukimbilia mlango wa nyuma. Mlango ule hukwama. Mimi na Baba tulihangaika nao siku tatu kabla ya kugundua kwamba lazima uusukume kwa mguu, kwenye kona ya chini. Mtoto aliusukuma kwa mguu, kwenye kona ya chini, akaingia.

Mama yake alimwita kwa sauti niliyoisikia kuwa ya hofu. Akamfunga mgongoni, akaondoka na majani nusu.



Jumamosi, 29 Oktoba

Wamerudi. Mahoro amesimama mwenyewe kwenye fremu ya mlango wa nyuma, kisigino ukutani, kidevu juu, kama askari, akingoja. Utosi wake umeupita mstari wa juu kwa vidole viwili.

Nyiransabimana alitazama pembeni. Nami nilitazama pembeni. Tukaendelea kuzungumza habari za chumvi.

Alhamisi, 3 Novemba

Mvua usiku kucha. Baba ameandika.

Jumapili, 6 Novemba

Ushirika. Mzee Évode aliniomba nishuhudie. Nilisema namshukuru Mungu kwa afya. Ni kweli, nina afya.

Jumamosi, 12 Novemba

Naandika kirefu kwa sababu nisipoandika leo nitaanza kujidanganya kesho.

Nyiransabimana alikuja bila mtoto. Mahoro alikuwa na homa. Shule imetupa walimu unga na maharage, nikafunga furushi, nikasema nitamsindikiza. Alikataa mara mbili, ya tatu akakubali, tukashuka wote hadi Nyabugogo na kupanda Gatsata.

Wanakaa katika stoo ya matairi ya binamu wa marehemu mumewe. Haina dirisha. Mtoto alikuwa amelala juu ya magunia, katikati ya safu mbili za matairi zinazofika darini. Harufu ya mpira ilinikaa kooni. Niliketi juu ya tairi, yeye akaketi juu ya jingine, na kwa muda tulimtazama Mahoro akipumua.

"Mwalimu," alisema, "wewe ni mutu ya kanisa. Nikuulize kitu?"

"Uliza, Mama Mahoro."

"Kuchoma musalaba ni zambi?"

Nilifikiri anauliza habari za makanisa yaliyochomwa. Nikajibu kama mwalimu, kwamba aliyefanya hivyo atajibu mbele ya Mungu. Aliinamisha kichwa.

"Basi mimi nitajibu."

Halafu akaeleza, sasa kwa Kinyarwanda, polepole ili nisikose neno. Aprili, siku waliyokimbia, mumewe alimwambia abebe kitu kimoja. Yeye alitaka sufuria. Lakini mkono wake ulikwenda ukutani, kwenye msalaba ambao mumewe aliuchonga kwa ubao wa kitanda chao cha kwanza. Aliufunga kifuani ndani ya kitenge. Mumewe aliuawa kabla hawajafika bondeni. Yeye na mtoto walitembea kwa usiku hadi upande wa Gahanga, wakajificha kwenye mashamba, halafu kwenye jiko la nyumba iliyoachwa. Mahoro alianza kuharisha. Maji yalikuwepo, ya mtaro, machafu, ya kumwua. Kuni zilikuwepo, zote zimelowa. Mvua ilinyesha siku nne. Kitu kikavu kilikuwa kimoja tu, kile alichokibeba kifuani.

"Niliukata kwa panga nililolikuta mle jikoni," alisema. "Nilichemsha maji ya mtoto. Haukutoa hata moshi, ulikuwa mkavu sana. Nilichemsha mara mbili. Mara ya pili alitaka tena."

"Alitaka tena?"

"Alisema, 'Mama, ongeza.' Ilikuwa siku tatu hajasema neno."

Nimesoma miaka kumi na mitano, na jibu langu lilikuwa dogo. Nilimwambia sidhani ni dhambi. Akaniuliza kwa nini sidhani. Nikasema sijui bado, nitafikiri.

"Fikiri," alisema. "Mimi sina wakati."

Alipokuwa akinisindikiza mlangoni ndipo alipolisema lile lingine, kwa kile Kiswahili chake, kama mtu anayetoa kitu mfukoni na kukiweka mezani.

"Agosti nilirudi. Nikakuta nyumba bure kabisa, hakuna kitu. Kulala ndani peke yetu nikashindwa. Kufuli haikuwa. Nikatafuta mbao, nikapigilia musumari munane, watu wajue iko mwenyewe, anarudi. Kisha nikaona jina ya mukaa."

"Mbona hukusema?"

"Kwa nani? Jina ziko kila mulango."

Jumapili, 13 Novemba

Sikwenda ushirika. Nilisema naumwa kichwa.

Alisema minane. Mimi nilihesabu saba. Nilihesabu kwa makini, na hesabu ni kazi yangu. Jana usiku, godoroni, jambo hili lilinijia, na nilifurahi. Naona aibu kuliandika, lakini nilifurahi. Nilijiambia huenda ni ndugu wa mwenye nyumba, au jirani aliyekuwa akiingia humu kila siku na mtoto wake, na ndiyo sababu anajua mlango na mistari. Msumari mmoja, na mimi nimeushikilia kwa mikono yote miwili.

Mikono yote miwili. Mama angecheka.

Jumanne, 15 Novemba

Nimefikiri kama alivyoniagiza. Daima niliwazia msalaba kama kitu kinachosimama: juu ya kanisa, ukutani, shingoni. Wa Nyiransabimana haukusimama. Ulikatwa, ukaisha, ukawa majivu chini ya sufuria, na mtoto akasema ongeza. Najiuliza kama hii siyo maana yake kuliko yote niliyojibu kwenye mitihani. Wanafunzi wa Yesu pia, sidhani kama walitaka aishie pale. Walitaka mtu wao abaki.

Na uhai mpya? Tuliimba sebuleni kwamba tumeupata. Labda tumepata nyumba tu.

Jumapili, 20 Novemba

Nimesema.

Mzee Évode alipomaliza kuomba nilisimama kabla miguu haijabadili nia. Nikasema: ninakaa katika nyumba ambayo mwenyewe huenda yu hai. Kuna mama anakuja kukata isombe. Anasema alipigilia mlango kwa misumari minane ili aonyeshe atarudi. Mimi nilihesabu saba. Kwa hiyo sina hakika, lakini siwezi kukaa na jambo hili peke yangu gizani.

Mvua ilikuwa ikipiga mabati.

"Dada," Mzee Évode alisema kwa upole, "siku hizi watu wengi wanapita wakidai. Tuwe na hekima. Hata wewe unasema hesabu haikubali."

"Ndiyo, Mzee."

"Basi tuliombee."

Wakaliombea. Nilifumbua macho katikati ya maombi. Wote walikuwa wameinama isipokuwa Baba. Alikuwa akitazama rafu iliyo juu ya mlango, uso umesawijika. Nilidhani ni hasira juu yangu, kwa kumwaibisha mbele ya ndugu.

Jumatano, 23 Novemba

Baba hasemi nami. Mvua. Ameandika jina, mara hii herufi kubwa zaidi.

Jumamosi, 26 Novemba

Nyiransabimana hajaja. Majani ya muhogo yamekomaa.

Jumatatu, 28 Novemba

Connie: "Baba yako hasemi kwa sababu unasema sana. Mwache mzee apumzike. Alisubiri miaka thelathini na mitatu."

"Na yule wa Gatsata?"

"Nimekwambia upake rangi." Lakini alipokuwa akiondoka alinipa sabuni mbili na sukari. "Mpelekee. Usiseme zimetoka wapi."

Jumapili, 4 Desemba

Leo nilitaka kupigilia kamba ya nguo. Nikashusha kopo kutoka rafu ya juu ya mlango na kumimina misumari mezani. Mirefu, imenyooshwa vizuri kwa jiwe. Moja, mbili, tatu. Nilihesabu mara tatu.

Baba aliingia akanikuta.

"Minane," nikasema.

Alivua kofia, akaketi. Ni wiki mbili hatujatazamana.

"Mmoja ulibaki kwenye fremu," alisema. "Kichwa kilikatika, ukabaki ndani. Niliuchokoa kesho yake, wewe ukiwa shuleni. Hakuna aliyejua ila mimi."

"Kwa hiyo siku ile ya ushirika ulijua."

"Nilijua."

"Na umeandika jina tena."

"Kaliza." Alisugua magoti. "Nyumba ya baba yangu Nyanza ilikuwa na milango miwili na miparachichi mitatu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilimbeba bibi yako mgongoni hadi mpakani. Wao, waliotufukuza, wakaingia siku hiyohiyo, chakula kikiwa bado mekoni. Nani amewahi kuja kuniambia, Ntakirutimana, nimehesabu misumari yako? Nani?"

"Hakuna, Baba."

"Hakuna. Mimi si mwizi. Nimechoka tu."

Nimemwona kama mtoto wa miaka kumi na tisa, na nimemwona pia kama yule aliyeingia chakula kikiwa mekoni. Sikujua kwamba mtu mmoja anaweza kuwa wote wawili. Nilikuwa nikidhani swali ni nani ana haki. Sasa nadhani swali ni huu mnyororo unaishia mikononi mwa nani. Kila mmoja anampokonya wa mbele yake kwa sababu wa nyuma alimpokonya yeye. Lazima apatikane mtu mmoja aliyepokonywa ambaye hapokonyi. Nimeandika sentensi hiyo, kisha nimekaa na kalamu hewani, kwa maana namjua mtu wa namna hiyo, nimeimba habari zake tangu nikiwa na miaka saba.

Jumatano, 7 Desemba

Mvua kubwa. Baba ameandika.

Jumapili, 11 Desemba

Nimepanga na Connie anishikie darasa kesho asubuhi.

Jumapili, 18 Desemba

Gatsata. Naandika juu ya tairi, mlango ukiwa wazi ili nipate mwanga.

Jumatatu nilikwenda komini, ofisi ya serikali ya mtaa, pamoja na Nyiransabimana. Karani aliuliza kama ana karatasi. Hana, zilichomwa. Aliuliza kama ana shahidi. Majirani wake wa zamani hawapo. Nikasema shahidi ni mimi.

"Wewe ni nani wake?"

"Ndiye mwenye nyumba ninayokaa."

Alinitazama kama aliyechoka kusikia kila kitu lakini hili hajalisikia. Nikaeleza mlango unaofunguka kwa mguu, mistari ya penseli, umbo jeupe ukutani, misumari minane. Akaandika. Nikatia sahihi: Kaliza, binti Ntakirutimana. Njiani Nyiransabimana alinishika mkono.

"Baba yako ataniua mimi," alisema.

"Hapana. Ataniua mimi."

Akacheka, akatukana tusi moja la gereji ambalo siliandiki.

Jioni nilimwambia Baba. Alikuwa ameketi kizingitini, na mvua ya mchana ilikuwa imelifuta jina, imebaki N na michirizi. Kipande cha mkaa kilikuwa mkononi mwake tayari. Nilimweleza yote bila kupumzika. Hakuinuka. Aliuliza jambo moja tu, kama ni kweli kwamba maji ya mtoto yalichemshwa kwa ule msalaba. Nilikuwa nimemsimulia hilo mwezi uliopita, nikadhani hakusikia.

"Kweli, Baba."

Alikigeuzageuza kile kipande. Kisha akanyoosha mkono, akakitupia kwenye jiko lililokuwa mbele yetu, chini ya birika, akapuliza. Tukanywa chai. Hakusema nimefanya vema. Alisema sukari imepungua.

Jana tumehama. Stoo ilikuwa inabaki bila mtu, na yule binamu mwenye matairi hakuona shida kuwa na mlinzi mtu mzima. Tumebadilishana, wao Gikondo, sisi huku. Mzee Évode alikuja na mkokoteni bila kuitwa, akabeba godoro letu, na njia nzima hakuhubiri. Baba alimkabidhi Nyiransabimana lile kopo la misumari kwa mikono miwili. Yeye akahesabu, mbele yake, bila haya, mpaka minane. Mahoro alikwisha kwenda kwenye fremu na kusimama, kidevu juu. Nikamwazima mama yake penseli.